Kuuona Mgodi Kabla ya Kuuchimba: Historia ya Michoro ya Pande Tatu, kutoka Butte hadi Katanga

Siku ya kwanza nilipofungua programu ya kusanifu migodi, mashimo yangu yote kumi na mawili yalipaa angani. Lilikuwa zoezi dogo la mwaka wa tatu. Tulipewa majedwali manne: la kwanza linaonyesha mdomo wa kila shimo la kuchoronga ulipo, la pili lina mwelekeo na mwinamo wa shimo, la tatu lina kiwango cha shaba kilichopimwa maabara, na la nne lina majina ya miamba iliyopitiwa. Kazi ilikuwa kuyaingiza, kubonyeza kitufe, kisha kuyatazama mashimo yakishuka ardhini kama mizizi. Ya kwangu yalisimama juu ya kilima kama nywele za mtu aliyeshtuka. Nilikuwa nimeandika 60 mahali palipotakiwa -60.

Prof hakunisahihisha mara moja. Aliniuliza, "Ni nani aliyeamua kwamba kwenda chini ni hasi?" Nikadhani ananitania. Kumbe swali lilikuwa la kweli. Surpac, programu tuliyokuwa tukiitumia, hutaka mwinamo wa kwenda chini uwe hasi. Datamine kwa desturi yake huuhesabu kuwa chanya. Tena mafaili ya mistari ya Surpac hutanguliza namba ya kaskazini kabla ya ile ya mashariki, kinyume na hesabu za sekondari ambako x hutangulia y, na kila mwaka kuna mwanafunzi ambaye mgodi wake hulala kifudifudi kwa sababu hiyo. Desturi hizi hazikutoka mbinguni. Ni tabia za watu fulani, waliofanya kazi fulani mahali fulani, zikaingizwa ndani ya mashine na kubaki humo.

Insha hii imetokana na swali hilo. Nimejaribu kufuatilia mchoro wa mgodi wa pande tatu ulikotoka kabla haujafika kwenye skrini zetu hapa Lubumbashi. Hoja yangu ni kwamba haukuzaliwa na kompyuta. Ulizaliwa na ugomvi wa mali, ukalelewa na hofu ya kupoteza fedha, na kompyuta ilipokuja iliukuta mkubwa tayari. Kwa hiyo anayeanza kujifunza programu hizi akidhani anajifunza vitufe tu hataona kwamba kila kitufe ni jibu la swali ambalo mtu aliwahi kulipigania.

Nianze nyumbani. Shaba ya Katanga haikugunduliwa kwa mchoro wowote. Mafundi waliochimba na kuyeyusha hapa karne nyingi kabla ya Wazungu waliyajua mawe ya kijani kwa macho na mimea kwa majina. Vilima vyenye shaba nyingi havioti miti: utakuta kichwa cha kilima kikiwa wazi katikati ya msitu wa miombo, kimefunikwa na nyasi na majani machache yanayovumilia sumu ya shaba. Mmea mmoja wenye maua ya zambarau, ambao wataalamu wa mimea wanauita Haumaniastrum katangense, umefahamika sana kwa tabia hiyo hata ukaitwa ua la shaba. Ile misalaba midogo ya shaba iliyofika mbali kama fedha na mahari ilitokana na ujuzi huo, ujuzi wa uso wa ardhi.

Mwanajiolojia wa Kibelgiji Jules Cornet alipofika Katanga mwaka 1892 pamoja na msafara wa Bia na Francqui, aliiona shaba kwa kuongozwa kwenye machimbo ambayo tayari yalikuwa yanafanyiwa kazi. George Grey, aliyetumwa na kampuni ya Tanganyika Concessions ya Robert Williams mwanzoni mwa karne ya 20, naye alifuata vilima hivyohivyo vyenye vipara na mashimo ya wenyeji. (Grey huyu alikufa Nairobi mwaka 1911 baada ya kujeruhiwa na simba. Sikuweza kuiacha habari hiyo.) Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuri la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza kutoka mawe ya mgodi wa Étoile, ulioko nje kidogo ya mji. Madini yalikuwa juu, yanaonekana. Ramani bapa ilitosha.

Mahali ambapo ramani bapa haikutosha palikuwa kwingine kabisa: mji wa Butte, jimbo la Montana, Marekani. Huko nako ilikuwa shaba, lakini shaba iliyojificha kwenye mishipa iliyosimama wima, ikikatana na kuvunjwavunjwa na nyufa za ardhi. Sheria ya madini ya Marekani ya mwaka 1872 ilikuwa na kifungu cha ajabu. Mtu akimiliki kiwanja ambacho ndani yake mshipa wa madini unajitokeza kwa juu, yaani kile walichokiita kilele chake, ana haki ya kuufuata mshipa huo chini ya ardhi hata ukipita chini ya kiwanja cha jirani. Hebu fikiria maana yake. Jirani yako anaweza kuchimba chini ya nyumba yako na sheria ikamlinda, mradi athibitishe kwamba mshipa anaoufuata ni uleule ulioanzia kwake. Na utathibitishaje kwamba mishipa miwili iliyokatwa na ufa ni mmoja?

Hapo ndipo jiolojia ilipoitwa mahakamani. F. Augustus Heinze, kijana mjanja mwenye mawakili wengi, alifungua kesi baada ya kesi dhidi ya kampuni kubwa ya Amalgamated Copper, ambayo Anaconda ilikuwa chini yake. Kesi zilikuwa na uzito wa kutisha. Mwaka 1903, baada ya hakimu kumpendelea Heinze, Amalgamated ilifunga shughuli zake Montana na kuwaacha maelfu ya watu bila kazi. Chini ya ardhi nako wachimbaji wa pande mbili walikutana kwenye mahandaki na kupigana. Heinze aliuza mali zake mwaka 1906 na vita ikaisha.

Anaconda ilijitayarisha kwa vita hiyo kwa kuunda idara ya jiolojia. Horace Winchell na David Brunton waliweka utaratibu wa kuchora kila handaki: mwanajiolojia hupita na ubao na penseli, anapima kila ufa, kila mshipa, kila mabadiliko ya rangi ya mwamba, anayaweka yote kwenye karatasi kwa kipimo kimoja na alama zilezile. Karatasi hizo, ngazi juu ya ngazi, ziligeuzwa kuwa modeli. Katika kesi za aina hiyo wataalamu walileta mbele ya hakimu vioo vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, kila kioo kikiwa na mchoro wa sehemu moja ya mgodi. Ukitazama kupitia vioo vyote kwa pamoja, unauona mshipa ukielea gizani, unashuka, unakatika, unaendelea. Leo tunabonyeza kipanya na kuzungusha picha. Wao walimzungusha hakimu.

Nimekaa kwenye habari ya Butte kwa sababu naiona ndiyo asili halisi. Modeli ya kwanza ya pande tatu yenye uzito ilitengenezwa ili kumshawishi mtu mwenye mamlaka kwamba mali ni ya upande huu na si ya upande ule. Kila upande ulikuwa na modeli yake, nzuri na yenye vipimo sahihi, na zilipingana. Vipimo havikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa pale kati ya kioo na kioo, mahali ambapo hakuna aliyepima, na kila mtaalamu alipajaza kwa namna iliyomfaa mwajiri wake.

Pengo hilo ndilo kiini cha kazi yote ya kuunda modeli, na Afrika ndiko lilikotafutiwa jibu la hesabu. Danie Krige alikuwa mhandisi wa migodi Afrika Kusini. Kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, sampuli zilikatwa kwa nyundo na patasi kwenye ukuta wa handaki, zikapimwa, kisha wastani wa sampuli chache ukachukuliwa kuwa kiwango cha kipande kizima cha mwamba ambacho hakijachimbwa. Kosa lilijirudia mgodi baada ya mgodi. Vipande vilivyokisiwa kuwa tajiri sana, vilipochimbwa vilitoa dhahabu pungufu ya makisio. Vile vilivyodharauliwa vilitoa zaidi ya matarajio.

Wengine waliona bahati au wizi. Krige aliona takwimu. Dhahabu haikutawanyika sawasawa: ngumi moja ya jiwe inaweza kuwa na gramu 30 kwa tani, na ngumi ya pembeni yake ikawa na gramu 4. Ukiokota ile ya 30 na kuipa tani elfu moja kiwango hicho, umejidanganya, kwa kuwa sampuli ni ndogo na kipande ni kikubwa, na kikubwa siku zote huwa karibu zaidi na wastani wa eneo. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1951 alionyesha namna ya kuyavuta makisio kuelekea wastani, kwa kiasi kinacholingana na data yenyewe. Jambo hili halikuwa la vitabuni tu. Wakati huo mashamba mapya ya dhahabu ya Orange Free State yalikuwa yanafunguliwa kwa kutegemea mashimo machache ya kina kirefu na ya gharama kubwa, na uamuzi wa kuchimba mgodi mzima ulisimama juu ya namba hizo chache.

Mfaransa Georges Matheron, aliyeanza kazi yake Algeria mwaka 1954, aliyasoma maandishi ya Krige na kuyajengea msingi wa hisabati. Aliuliza: sampuli mbili zikiwa mita tano kutoka moja hadi nyingine zinafanana kiasi gani? Zikiwa mita hamsini je? Mia mbili? Mfanano hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, mpaka inafika hatua ambapo sampuli moja haikuambii lolote kuhusu nyingine. Mchoro wa kupungua huko anauita variogramu, na mwanafunzi yeyote wa jiolojia ya migodi ameshaulaani. Variogramu ndiyo inayoamua kila sampuli ipewe uzito gani katika kukisia mahali pasipopimwa. Matheron aliipa njia hiyo jina la mtu wa Johannesburg: krigingi. Mwaka 1968 kituo chake cha jiostatistiki kilianza Fontainebleau, karibu na Paris. Darasani kwetu tumebishana sana namna ya kulitamka jina hilo, wengine kwa g laini ya Kifaransa, wengine kwa g ngumu ya Kiafrikaans, na ubishi wenyewe unaonyesha maarifa haya yalipita wapi kabla ya kutufikia.

Angalia ramani ya safari hiyo: Algeria, Witwatersrand, Fontainebleau. Hesabu zilitokana na miamba ya Afrika na kazi ya wachimbaji wa Afrika, lakini kituo kikajengwa Ufaransa. Sisemi kwamba Krige au Matheron aliiba kitu. Nasema kwamba mtu akiniambia krigingi ni elimu ya kigeni, nitamwuliza ni mwamba upi uliowafundisha.

Kompyuta inaingia hapa. Katika miaka ya 1960 kampuni za shaba za Marekani zilizochimba mashimo ya wazi makubwa mno zilianza kuugawa mlima katika vitofali vya ukubwa sawa, maelfu kwa maelfu, kila kitofali kikiwa na namba yake: mahali, kiwango cha shaba, uzito. Kazi ambayo ingemchukua karani miezi, mashine iliifanya kwa usiku mmoja. Mwaka 1965 Helmut Lerchs, wa kituo cha IBM mjini Montreal, na Ingo Grossmann, profesa wa chuo kikuu mjini humo, walichapisha jibu la swali lililowasumbua wahandisi: shimo la wazi liishie wapi? Kila kitofali kina faida au hasara yake. Huwezi kukichukua kitofali cha chini bila kuondoa vilivyo juu yake na kando yake, kwa mteremko usioporomoka. Je, kitofali kile tajiri cha chini kitalipa gharama ya kuondoa mawe matupu yote yaliyokilalia? Lerchs na Grossmann walitoa njia ya kupata shimo lenye faida kubwa kuliko yote, na walithibitisha kihisabati kwamba hakuna lingine la kulishinda.

Uzuri wa njia hiyo ni mkubwa, lakini kompyuta za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno. Migodi mingi iliendelea kwa miaka na njia rahisi zaidi, zenye makosa, mpaka Jeff Whittle wa Australia alipoiweka njia ya Lerchs na Grossmann kwenye programu ya kuuzwa katika miaka ya 1980. Mara nyingi sisi wanafunzi hudhani wazo jipya huenea kwa kuwa ni sahihi. Hili lilisubiri karibu miaka ishirini, likingoja mashine iweze kulibeba.

Miaka hiyohiyo ya 1980 ndiyo iliyozaa majina tunayoyaona kwenye matangazo ya kazi. Datamine ilianza London mwaka 1981. Surpac ilianza Perth mwaka huohuo, na mwaka huohuo mwanajiolojia Bob Johnson alianzisha Maptek, kampuni iliyotoa Vulcan. Gemcom ya Vancouver ikafuata, ikainunua Whittle, baadaye ikainunua Surpac, mpaka nayo ilipomezwa na Dassault Systèmes ya Ufaransa mwaka 2012. Historia ya manunuzi hayo siioni kuwa na utamu mwingi. Ninachokiona ni miji: London, Perth, Vancouver. Ni miji ya masoko ya hisa ya madini kama ilivyo miji ya wanajiolojia. Programu zilikua karibu na watu waliohitaji kuwaonyesha wawekezaji kitu, na sioni kosa kusema kwamba skrini ilichukua nafasi ya vioo vya Butte, na mwekezaji akachukua kiti cha hakimu.

Katika miaka ya mwanzo ya 2000 likaja badiliko la mwisho nitakalolitaja. Hapo awali mwanajiolojia alichora umbo la mwamba wenye madini kwa mkono, sehemu kwa sehemu, kisha akaziunganisha sehemu kwa pembetatu ndogondogo. Kazi ya wiki. Kampuni ya Christchurch, New Zealand, ilileta Leapfrog, ambayo huunda umbo zima moja kwa moja kutoka data ya mashimo kwa kanuni za hisabati. Data mpya ikiingia, umbo linajirekebisha kwa dakika chache. Kwa anayeanza ni raha kubwa, na mimi mwenyewe naipenda. Lakini naona mwalimu wetu alikuwa na sababu ya kutulazimisha kuchora kwa mkono kwanza. Anayechora kwa mkono huhisi pengo kati ya sehemu na sehemu, kwa kuwa ni yeye anayelijaza. Anayebonyeza hupewa uso laini unaong'aa, na uso laini hauonyeshi ni wapi ulikisiwa.

Hatari ya uso unaong'aa ilionekana Busang, kisiwani Borneo, nchini Indonesia. Kampuni ndogo ya Kanada, Bre-X, ilitangaza dhahabu iliyokua mwaka hata mwaka mpaka ikafika aunsi milioni 71 mwanzoni mwa 1997. Makisio yalihesabiwa na wahandisi wa kweli kwa njia zinazokubalika. Hesabu haikuwa na kosa. Sampuli ndizo zilizotiwa dhahabu kwa mkono, kabla ya kufika maabara, na kwa kuwa mawe yaliyochorongwa yalisagwa yote badala ya kupasuliwa na nusu kuhifadhiwa, hapakubaki kitu cha kurudia kupimwa. Machi 1997 mwanajiolojia mkuu wa mradi alianguka kutoka helikopta akafa. Mwezi Mei wakaguzi huru walitangaza kwamba hakuna dhahabu ya maana. Watu wa kawaida walipoteza akiba zao. Kanada ilijibu kwa kanuni mpya zilizoanza kutumika mwaka 2001, zinazomtaka mtaalamu mwenye sifa atie jina na saini yake kwenye ripoti na aeleze data ilipatikanaje. Majedwali yale manne niliyopewa siku ya kwanza ni sehemu ya jibu hilo. Nayaona ya kuchosha kila ninapoyajaza, lakini ndiyo yanayoulizwa kwanza pesa zikipotea.

Sasa nirudi Katanga, maana huku ndiko swali la data lina uchungu wake. Chini ya Union Minière, kupima na kuchora zilikuwa kazi za Wazungu. Mwafrika alishika fimbo ya kupimia, alibeba sanduku la chombo, alisafisha ukuta wa handaki ili mwingine auchore. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967, ile ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Gécamines, serikali ililazimika mwaka huohuo kuingia mkataba na Société Générale des Minerais ya Ubelgiji ili migodi iendelee kuendeshwa. Taifa lilimiliki mgodi, lakini waliojua kuusoma walikuwa wengine. Hadi leo sehemu kubwa ya kumbukumbu za jiolojia za enzi ya ukoloni imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels.

Haimaanishi kwamba Wakongo hawakujifunza. Katika miaka ya 1970 na 1980 wahandisi waliosoma hapa Lubumbashi walichukua ofisi za upimaji na jiolojia, wakachoronga, wakachora sehemu kwa sehemu kwa wino kwenye karatasi angavu. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka. Kisha yakaja maporomoko, kwa maana zote mbili. Septemba 1990 sehemu ya kati ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka, na ndio mgodi uliokuwa ukiibeba kampuni. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000.

Karatasi zilibaki. Baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 2002, kampuni za kigeni ziliingia kwa ubia, na kwenye maeneo kama Kamoto kazi ya kwanza ya wanajiolojia wao ilikuwa kuchukua mashimo ya Gécamines, maelfu ya mita yaliyochorongwa na kulipiwa miongo mingi nyuma, na kuyaingiza kwenye programu. Ripoti zao za wazi zinasema hivyo bila kificho. Karatasi iliyoonekana kuukuu ikawa modeli, na modeli ikawa thamani kwenye soko la hisa la Toronto au London. Mwaka 2007 serikali iliunda tume ya kuipitia upya mikataba ipatayo sitini. Watu wengi waliyaeleza matatizo ya mikataba ile kwa rushwa na siasa, na sina ubishi nao. Lakini naongeza sababu moja ya kawaida zaidi: upande mmoja wa meza uliuona mgodi kwa pande tatu, na upande wa pili ulikuwa na makabrasha. Ni vigumu kupatana bei ya kitu ambacho mwenzako anakiona na wewe huoni.

Zipo dalili za badiliko. Kakula, magharibi ya Kolwezi, haikuwa na kilima chenye kipara wala ua la zambarau: shaba yake imefunikwa na mchanga, na ilifuatwa kwa kuchoronga na kuunda modeli mpaka mgodi ukaanza kutoa shaba Mei 2021. Vijana wa umri wangu wanafanya kazi kwenye skrini za migodi ya namna hiyo. Bado leseni ni ghali. Katika chumba chetu cha mazoezi kulikuwa na funguo mbili za kuchomeka kwenye kompyuta kwa wanafunzi zaidi ya thelathini, na umeme ukikatika kabla hujahifadhi faili, unaanza upya.

Zoezi letu la mwisho lilikuwa kuingiza mashimo ya zamani kutoka nakala ya mchoro wa karatasi. Shimo moja lilikuwa na mdomo na kiwango cha shaba kila mita mbili, lakini mwinamo wake haukuandikwa popote. Mwenzangu alitaka tuandike -90, kwamba limeshuka wima, kwa kuwa mengi ya jirani yalishuka wima. Nilikataa, tukagombana, tukamwita Prof. Alituambia tuliweke na tulipake rangi ya kijivu, na kila kitofali kitakachokisiwa kwa kulitegemea nacho kiwe cha kijivu. Modeli yetu ikatoka na doa kubwa katikati, na tukapewa alama nzuri.

Jumapili iliyofuata niliibeba kompyuta nikamwonyesha babu. Alikuwa mshika fimbo wa wapimaji kwenye mgodi wa Kipushi tangu ujana wake mpaka uliposimama mwaka 1993. Nikamzungushia modeli polepole, nikaikata katikati, nikamwonyesha mahali pekundu penye shaba nyingi na lile doa la kijivu. Alisogeza uso karibu na skrini, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mjukuu," akaniuliza, "watu wanaingilia wapi?"

Nilikuwa sijachora njia ya kuingilia. Nilifungua faili upya tukaanza kuitafutia mahali, yeye akionyesha kwa kidole, mimi nikiandika namba.